Bunten, Teiten na Nitten: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maonyesho ya Serikali ya Sanaa nchini Japani

Bunten ni nini, na ilianzaje?

Ni jina la mkato la maonyesho ya sanaa yaliyoandaliwa na Wizara ya Elimu ya Japani. Yalifunguliwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1907 katika bustani ya Ueno, Tokyo, na yakaendelea kila mwaka hadi 1918. Waziri aliyeyaanzisha, Makino Nobuaki, alikuwa ameiwakilisha nchi yake huko Italia na Austria, na mfano uliofuatwa ulikuwa Salon ya Paris, maonyesho rasmi ya sanaa ya Ufaransa.

Kabla ya hapo wachoraji walikuwa na vyama vyao, na kila chama kilikuwa na maonyesho yake na majaji wake. Bunten iliwakusanya wote chini ya paa moja, mbele ya majaji walioteuliwa na serikali. Kazi ikikubaliwa, jina la mchoraji lilijulikana nchi nzima. Ikishinda, wizara iliweza kuinunua. Ikikataliwa, mwenyewe aliibeba akarudi nayo nyumbani. Kwa hiyo suala la nani akae kwenye meza ya majaji lilizua ugomvi hata kabla ya milango kufunguliwa.

Kulikuwa na sehemu tatu tu: uchoraji wa Kijapani (nihonga), uchoraji wa Kimagharibi (yōga), na uchongaji. Wafinyanzi, wafua shaba, mafundi wa laka (vanishi ya utomvu wa mti) na wafumaji hawakuwa na sehemu yao. Jambo hilo nitalirudia chini, kwa kuwa ndilo lililonifanya nianze kuyafuatilia maonyesho haya.

Bunten, Teiten, Shin Bunten, Nitten: ni maonyesho manne au ni yale yale?

Ni ukoo mmoja uliobadilishwa jina kila serikali ilipobadilisha utaratibu. Mwaka 1919 usimamizi ulipewa Akademia ya Kifalme ya Sanaa, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Mori Ōgai, daktari wa jeshi na mwandishi mashuhuri. Jina likawa Teiten. Mwaka 1935 Waziri wa Elimu, Matsuda Genji, aliivunja akademia hiyo na kuiunda upya ili vigogo wa vyama huru nao waingie. Ikawa vurugu tupu: wengine walijiuzulu, wengine wakasusa. Mwaka 1937 wizara iliyachukua tena maonyesho kwa jina la Shin Bunten, yaani Bunten mpya, na mwaka 1944 yakafanyika mara ya mwisho kama maonyesho maalumu ya wakati wa vita. Nitten ilizaliwa 1946. Tangu 1958 inaendeshwa na chama binafsi, na bado ipo.

Ukikuta maandishi kama "Teiten ya 8" kwenye katalogi, usihesabu moja kwa moja kutoka 1919. Mwaka 1923 hayakufanyika, kwa sababu tetemeko la Kantō la Septemba 1 lilikuwa limeiteketeza Tokyo. Teiten ya 4 ni ya 1922, ya 5 ni ya 1924, na ya 8 ni ya 1927.

Nihonga na yōga zinatofautianaje? Kwangu zote ni picha tu.

Kwa mada wakati mwingine hutaona tofauti kabisa. Tofauti iko kwenye vifaa na mkono. Yōga ni rangi ya mafuta juu ya turubai, kama walivyofundishwa Wajapani waliosoma Paris. Kiongozi wao alikuwa Kuroda Seiki, mwanafunzi wa Raphaël Collin. Picha iliyopata tuzo ya juu katika Bunten ya kwanza upande huo ni "Nanpū" ya Wada Sanzō: wanaume ndani ya mashua baharini, mmoja amesimama kifua wazi, nguo ameitupia kichwani, jua linampiga misuli.

Nihonga huchorwa juu ya hariri au karatasi, kwa wino na unga wa mawe. Buluu hutoka kwenye azuraiti na kijani kwenye malakiti, jiwe lile lile ambalo mafundi wa Katanga hulichonga shanga na mapambo. Nyeupe hutoka kwenye makombe ya chaza yaliyosagwa. Unga wa jiwe haushiki wenyewe, kwa hiyo mchoraji huyeyusha gundi ya wanyama kwa moto mdogo bila kuichemsha, humimina kidogo kwenye kisahani, kisha husugua unga na gundi kwa ncha ya kidole mpaka kila chembe ilowe. Ukubwa wa chembe nao ni rangi: jiwe lile lile likisagwa kwa chembe kubwa hutoa buluu nzito, likisagwa laini sana hutoa buluu hafifu. Gundi ikizidi, rangi huja kupasuka, na ikipungua, rangi humwagika kama vumbi. Ukijua hayo, utaacha kuiona nihonga kama picha tulivu za maua. Ni kazi ya kupima kila saa.

Kwa nini wachoraji waligombana namna ile?

Kwa sababu majaji walikuwa wachoraji wenzao. Upande wa nihonga kulikuwa na kambi mbili. Moja ilishikilia njia za mashule ya zamani. Ya pili ilimfuata Okakura Tenshin, mwanafikra aliyewahi kuiongoza Shule ya Sanaa ya Tokyo, akaiacha mwaka 1898 na kuanzisha taasisi yake, Nihon Bijutsuin. Mwaka 1907 kambi ya zamani iliona jopo limejaa watu wa Okakura, ikasusa. Mwaka 1908 mizani ikageuka, na safari hii kambi mpya ndiyo iliyokaa nje.

Wizara ilijaribu dawa yake mwaka 1912: iligawa nihonga mafungu mawili, la wakongwe na la wapya, kila moja na majaji wake. Wachoraji wa mafuta nao wakaomba mgawanyo kama huo. Walikataliwa. Mwaka 1914 vijana wao walianzisha maonyesho yao na kuyaita Nika, yaani fungu la pili, fungu lile walilonyimwa. Mwaka huo huo Yokoyama Taikan, mchoraji wa kambi ya Okakura, aliachwa nje ya orodha ya majaji, naye na Shimomura Kanzan wakaifufua Nihon Bijutsuin, mwaka mmoja baada ya Okakura kufariki.

Kyoto ikafuata. Tsuchida Bakusen, Murakami Kagaku, Ono Chikkyō na wenzao walikuwa vijana wa Bunten waliochoshwa na hukumu za majaji. Mwaka 1918 walianzisha chama chao cha kuunda uchoraji mpya wa kitaifa, nje ya serikali.

Wapo wanaoisoma historia hii kama aibu ya Bunten. Mimi naona kinyume. Bila jopo moja la taifa zima, kambi hizi zingeendelea kukaa kila moja kwenye kona yake, bila kulazimika kusema hadharani zinaamini nini. Makundi huru yaliyoiletea Japani picha zake zenye ujasiri mkubwa zaidi yalizaliwa na watu waliotoka ndani ya Bunten wakiwa na hasira na hoja.

Nikitaka kuangalia picha moja tu kutoka Bunten, niangalie ipi?

"Ochiba" ya Hishida Shunsō, yaani majani yaliyoanguka, iliyoonyeshwa 1909. Ni jozi ya viwambo vya kukunja, kila kimoja kina paneli sita. Utaona vigogo vya miti, mti mchanga mmoja au miwili, na majani makavu chini. Hakuna mstari wa ardhi wala anga. Kina cha msitu kinatokana na jambo moja tu: vigogo vya mbele vimechorwa kwa makini hadi magamba yake, na vya nyuma vinafifia hatua kwa hatua mpaka vinakuwa kama pumzi kwenye kioo.

Miaka michache kabla, Shunsō na Taikan walikuwa wameacha mistari ya wino na kuchora kwa ukungu wa rangi, wakadhihakiwa sana kwa hilo. Kwenye "Ochiba" hakurudi nyuma wala hakuendelea na ukungu mtupu, bali alichukua hewa ya mtindo ule akaipa umbo. Alikuwa anaumwa figo, na ugonjwa ulikuwa umeshambulia macho yake. Msitu wenyewe ulikuwa Yoyogi, karibu na alipokuwa akiishi, mahali ambapo leo ni katikati ya jiji. Ilipata tuzo ya daraja la pili, ambayo ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa kutolewa. Mwaka uliofuata alionyesha "Kuroki Neko", paka mweusi juu ya shina la mti wenye majani ya dhahabu, na mwaka 1911 akafariki akiwa na miaka 36.

Je, wanawake waliruhusiwa?

Waliruhusiwa kuwasilisha kazi, na upande wa nihonga walishinda. Uemura Shōen wa Kyoto, mwanafunzi wa Takeuchi Seihō, alikuwa na jina tangu Bunten ya kwanza. Kulikuwa pia na Ikeda Shōen wa Tokyo na Shima Seien wa Osaka, ambaye alikubaliwa mwaka 1912 akiwa na miaka 20 tu. Wakosoaji waliwaweka watatu hao pamoja kwa kuwa majina yao ya sanaa yanaishia kwa sauti moja. Meza ya majaji ilikuwa habari nyingine: kwa muda mrefu walioketi hapo walikuwa wanaume.

Mada iliyotarajiwa kwao ilikuwa picha za wanawake warembo. Mwaka 1915 picha za aina hiyo zilikuwa nyingi kiasi kwamba zilijaza chumba kizima, na magazeti yakalalamika kwamba ni uzuri usio na moyo. Jibu la Uemura Shōen lilikuja mwaka 1918, katika Bunten ya mwisho. "Honō", yaani mwali wa moto, inamwonyesha Bibi Rokujō wa hadithi ya Genji, riwaya ya kale ya Japani, mwanamke ambaye wivu wake ulitoka mwilini ukaenda kumwandama mke wa mpenzi wake. Amesimama ameinama kidogo, anageuka nyuma, na ameuma ncha za nywele zake. Kwenye kimono yake maua ya wisteria yamenaswa na utando wa buibui. Macho yalimsumbua Shōen, akaomba ushauri kwa mwalimu wa Nō, tamthilia za kale za Kijapani zinazochezwa kwa vinyago. Akaelezwa kwamba vinyago vya wanawake wenye wivu hutiwa dhahabu kwenye weupe wa macho. Aliipaka dhahabu hiyo upande wa nyuma wa hariri, ili mng'ao upenye nyuzi na kutokea mbele ukiwa umefifia. Mtazamaji anaona tu kwamba yale macho si ya mtu aliye hai sawasawa.

Mwaka 1948 Shōen akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Utamaduni.

Kwa nini ufundi wa mikono uliachwa nje hadi 1927?

Hili ndilo swali linaloniuma zaidi, kwa sababu jibu lake halihusu ubora hata kidogo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vyombo ndivyo vilivyoijulisha Japani duniani. Kuanzia maonyesho ya Vienna ya 1873, kauri, laka, shaba na enameli zilipelekwa Ulaya na Marekani zikaleta fedha za kigeni. Mafanikio hayo ndiyo yaliyowaponza mafundi. Vyombo vilihesabiwa kuwa bidhaa, vikawa chini ya Wizara ya Kilimo na Biashara, huku picha na sanamu zikiwa chini ya Wizara ya Elimu. Bunten ilipoanzishwa, mpaka huo wa kiofisi uligeuka mpaka wa heshima: upande mmoja sanaa, upande wa pili biashara. Mwaka 1913 Wizara ya Kilimo na Biashara iliwaanzishia mafundi maonyesho yao, lakini lengo lilikuwa kuboresha usanifu wa bidhaa. Hakuna aliyetarajia kumkuta huko msanii mwenye jambo la kusema.

Wakati huo huo Shule ya Sanaa ya Tokyo ilikuwa ikifundisha kufua na kusubu shaba na kupaka laka, katika majengo yale yale walimosoma wachoraji na wachongaji. Kijana alihitimu akiwa ameketi na watu ambao kesho yake wangepokelewa Bunten, wakati yeye alikuwa na chombo kilichobuniwa kwa uangalifu uleule na hakuwa na mahali pa kukipeleka. Kwa hiyo miaka ya 1920 makundi yaliibuka. Kyoto, mwaka 1920, wafinyanzi vijana akiwemo Kusube Yaichi waliunda Sekidosha, chama cha udongo mwekundu. Tokyo, mwaka 1926, msubu shaba Takamura Toyochika na wenzake waliunda Mukei, kundi lililokataa kufungwa na umbo lolote la kurithi. Walibishana, waliandika, waliwasilisha maombi. Mwaka 1927, miaka 20 kamili baada ya Bunten ya kwanza, Teiten ya 8 ilifungua sehemu ya nne kwa ajili ya ufundi wa kisanaa.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Ukumbi wa maonyesho hudai kazi inayoonekana kutoka mbali, na polepole vyombo vikaanza kukua: mitungi ya maua ambayo hakuna nyumba ingeiweka, viwambo vya laka vinavyoshindana na picha, masanduku yasiyofunguliwa na mtu. Nyingine ni nzuri ajabu. Nyingine zimesahau kwamba chombo hushikwa.

Ni fundi gani wa kumfuatilia kwanza?

Itaya Hazan, bila kusita. Alizaliwa 1872 Shimodate, mkoa wa Ibaraki, akasomea uchongaji chini ya Takamura Kōun, kisha akafundisha Kanazawa, na ni huko alikoshikwa na udongo. Mwaka 1903 aliacha kazi yenye mshahara akaenda Tabata, pembezoni mwa Tokyo, kujenga tanuri lake, na kwa miaka mingi familia iliishi kwa shida. Ile sehemu ya nne ilipofunguliwa, alikuwa miongoni mwa walioketi kuwahukumu wengine.

Kazi yake ilienda hivi. Mfinyanzi Genda Ichimatsu, aliyeshirikiana naye kwa miongo mingi, alizungusha chombo kwenye gurudumu kwa kufuata mchoro wa Hazan. Udongo ukikauka kiasi, Hazan aliuchonga kwa kisu, maua na majani yakitokeza kidogo tu juu ya uso wa chombo. Hapo ndipo unapomwona mchongaji wa zamani. Chombo kilichomwa mara ya kwanza, kikatiwa rangi, kisha kikafunikwa kwa tabaka la mng'aro lisilo na mng'aro, kama inawezekana kusema hivyo: jeupe, zito kidogo, lenye kuacha rangi zionekane kana kwamba ziko nyuma ya ukungu wa alfajiri. Kikitoka tanurini na kasoro ndogo kabisa, alikivunja. Ndiyo maana vilivyobaki ni vichache ukilinganisha na urefu wa maisha yake.

Mwaka 1953 alipewa Nishani ya Utamaduni, wa kwanza miongoni mwa wafinyanzi. Kwao Shimodate, wazee waliofikisha miaka 80 walipata kutoka kwake fimbo yenye kichwa cha njiwa.

Je, wafuasi wa mingei, yaani ufundi wa watu wa kawaida, walikuwa upande gani?

Upande wa tatu. Wakati mafundi wa Teiten wakidai waitwe wasanii, Yanagi Sōetsu na wafinyanzi Hamada Shōji na Kawai Kanjirō walikuwa wakisema kwamba uzuri uko kwenye bakuli la kila siku la fundi asiyejulikana jina. Jina la mingei walilitunga 1925, na jumba lao la makumbusho lilifunguliwa Tokyo 1936. Nawapenda sana. Ila wageni wengi hudhani mingei ndiyo ufundi wote wa Japani wa enzi ile, na hapo Hazan na Toyochika hupotea kabisa machoni.

Wasanii wa Korea na Taiwan walishiriki?

Ndiyo, kwa sababu nchi zao zilikuwa chini ya utawala wa Japani, na njia ya kujulikana ilipitia Tokyo. Kim Kwan-ho kutoka Pyongyang alipata heshima maalumu katika Bunten ya 1916 kwa picha ya wanawake wawili wakioga mtoni. Gazeti la kwao lilitangaza ushindi huo kwa fahari lakini halikuchapisha picha, kwa kuwa wanawake hao walikuwa uchi. Mchongaji Huang Tu-shui wa Taiwan alikubaliwa Teiten 1920, na Chen Cheng-po akafuata 1926 kwa picha ya mafuta ya mtaa wa kwao, Chiayi.

Serikali za kikoloni zilianzisha pia maonyesho kama hayo huko kwao, Seoul mwaka 1922 na Taiwan mwaka 1927, na majaji wengi walitoka Japani. Majaji walipenda kuona "rangi ya mahali": vijiji, mavazi, nyati. Msanii alitakiwa kuchora kwa mbinu za Tokyo, huku akionekana mtu wa mbali. Asifiwe Chen Cheng-po au Kim kwa kiasi gani, sharti hilo lisifichwe.

Nimepata postikadi ya zamani yenye picha na jina la Bunten. Ina thamani?

Postikadi hizo zilichapishwa kwa wingi na kuuzwa kwa watazamaji, kwa hiyo bei yake mara nyingi si kubwa. Thamani yake ni ushahidi. Kazi nyingi ziliungua katika tetemeko la 1923 na mabomu ya vita, na kwa baadhi yake postikadi ndiyo picha inayojulikana. Usiitupe.

Naweza kuziona wapi leo?

"Nanpū" iko katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kisasa, Tokyo, pamoja na kazi nyingine zilizonunuliwa na wizara. Huko pia iko "Tsukiji Akashichō" ya Kaburaki Kiyokata, mshindi wa Teiten ya 1927, iliyotoweka machoni pa watu tangu miaka ya 1970 na kupatikana tena 2019. "Honō" iko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, Ueno. "Ochiba" ni mali ya Eisei Bunko, makumbusho ya binafsi ya Tokyo. Vyombo vya taifa vilihamishiwa Kanazawa, ambako Makumbusho ya Taifa ya Ufundi yalifunguliwa 2020. Hazan ana makumbusho yake mjini kwao, siku hizi ukiitwa Chikusei.

Kabla hujakata tiketi ya ndege, soma orodha ya kazi zinazoonyeshwa wiki hiyo. Hariri na rangi za mawe haziwezi kukaa kwenye mwanga mwaka mzima, kwa hiyo picha ya nihonga hutundikwa kwa wiki chache kisha hurudishwa ghalani, na unaweza kufika ukutani ukakuta picha nyingine kabisa.